Paswedi ya Mama wa Masjala

Kinachoniuma kuliko vyote ni kwamba kazi ile niliifanya vizuri. Ningekuwa nimeiharibu ningeomba radhi, ningerudia kwa gharama yangu, yangeisha. Lakini kila mtu alisaini karatasi kwamba kazi imekamilika na ameridhika, na miezi miwili baadaye kazi hiyohiyo ikamwondoa mama mmoja kwenye kiti alichokalia tangu mimi niko shule ya msingi. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu astaafu.

Mimi ni fundi wa kompyuta wa Mbeya, na ni mwanamke. Hilo la pili nalitaja kwa sababu kila geti ninalofika mlinzi huchungulia nyuma yangu kumtafuta fundi mwenyewe. Nimeshazoea, ingawa sijapenda. Kampuni yetu ni vyumba viwili juu ya duka la pembejeo pale Mwanjelwa, bosi mmoja na sisi mafundi watatu, na kazi zetu nyingi ni kuvuta nyaya, kufufua printa na kuwaambia watu wazime halafu wawashe tena. Kwa hiyo chuo kimoja kidogo cha mambo ya afya, nje kidogo ya mji wa Iringa, kilipotaka kuhamisha mafaili yake yote kutoka seva ya zamani kwenda seva mpya, kwa mkataba wa kuitunza mpaka mwisho wa mwaka, bosi alifurahi mpaka akanunua soda za ofisi nzima. Kazi akanipa mimi, nami nikavimba kichwa.

Kwa asiyejua, seva ni kabati. Ni kabati moja la ofisi nzima, limekaa chumba cha nyuma, na kila mtu akiwa mezani kwake anafungua droo zake kwa kompyuta. Taaluma wana droo yao, wahasibu yao, mkuu wa chuo yake. Kila droo ina orodha ya walioruhusiwa: huyu asome tu, huyu asome na kuandika, huyu asiione kabisa. Kuhamisha mafaili yenyewe si kazi, ni kusubiri tu. Kazi ni kuyahamisha pamoja na ruhusa zake, ili Jumatatu asubuhi kila mtu akute milango imefungwa vilevile kama alivyoiacha Ijumaa. Ukikosea kidogo, wanafunzi wanasoma mitihani kabla ya siku yake, au mkuu wa chuo anafungiwa nje ya barua zake mwenyewe.

Aliyenipokea chuoni alikuwa mama wa masjala. Masjala ni kile chumba cha ofisi kinachotunza mafaili ya karatasi, na mtu wa masjala ndiye anayejua barua ya mwaka juzi iko wapi. Mama huyu alikuwa Mhehe wa Kilolo, mfupi, mchangamfu, na sikumwona hata siku moja bila sweta lake la bluu, maana Iringa mwezi wa saba baridi haina mzaha. Hakuchungulia nyuma yangu. Alinisalimu tu kwa Kihehe, "Kamwene. Wewe ndiye fundi? Kaa kwanza unywe chai, hizo kompyuta hazina miguu."

Gesti niliyopangiwa ilikuwa karibu na baa yenye muziki usiozimwa, na mama aliposikia nalala huko akakataa katakata. Nikahamia kwake. Tukawa tunataniana jikoni kama tumezaliwa pamoja. Yeye ananiambia Wanyakyusa tunalia msibani kwa zamu ili tusikose chakula, na kwamba nikikosa ndizi siku tatu nitaugua. Mimi namuuliza mbwa wa jirani ameonekana leo au tusimtafute, maana Wahehe hutaniwa kwamba wanakula mbwa. Ananipiga kofi la mgongo, ananiongezea mboga ya maboga. Nilimpenda, sina njia nyingine ya kulisema hilo.

Siku ya pili nikakwama. Akaunti niliyopewa na uongozi, ambayo ilipaswa kufungua kila kitu, ilikuwa inafungua nusu na kugoma nusu. Fundi aliyenitangulia miaka ya nyuma alikuwa amezifunga baadhi ya droo kwa namna yake, kisha akaondoka bila kukabidhi. Nikahangaika asubuhi nzima. Nikamuuliza mkuu wa taaluma, ambaye ndiye msimamizi wa masomo yote pale chuoni, mwalimu mrefu, mpole, anayeongea taratibu kama anasoma somo kanisani. Akasema, "Muulize mama wa masjala." Nikawauliza wahasibu. "Muulize mama." Nikamuuliza hata katibu wa mkuu wa chuo. Yeye alicheka. "Kwani hujaambiwa? Mama anafungua zote."

Kweli alikuwa anafungua zote. Kila droo mpya ilipotengenezwa, mtu alisema mwingizeni na mama wa masjala asije akakosa, wakamwingiza. Hilo si kosa kubwa. Kosa lilikuwa upande wa pili. Pale chuoni mtu akisahau paswedi yake, fundi wa kuitengeneza alikuwa atoke Mbeya, na fundi wa Mbeya ana siku zake. Basi watu wakawa wanakwenda masjala. Mama, niazime ya kwako nichape barua moja. Mama anaitaja. Kesho yake anakuja mwingine. Baada ya miaka michache chuo kizima kilikuwa kinaingia kwenye seva kwa jina la mama wa masjala, wahasibu, walimu, mtu wa stoo, na mpole wetu wa taaluma. Kompyuta nyingine zilikuwa zimeshalikariri jina lake, mtu anawasha tu, tayari yeye ni mama.

Nilimhubiria robo saa nzima. Nikamwambia mama, hii ni hatari, paswedi ni kama saini yako, mtu akiandika uchafu utaonekana umeuandika wewe. Akanisikiliza huku anapanga mafaili yake. Kisha akasema, "Mwanangu, mtu amesimama mlangoni ana shida, ufunguo ninao mimi. Nimwambie nini? Asubiri fundi atoke Mbeya?"

 Kibaya zaidi, na mimi nilikuwa na shida yangu. Njia halali ilikuwa kutengeneza akaunti mpya yenye nguvu zote, kwa barua ya mkuu wa chuo, na mkuu wa chuo alikuwa Dodoma mpaka wiki inayofuata. Bosi wangu alikuwa anapiga simu kila baada ya mlo. Muhula mpya ulikuwa unaanza Jumatatu. Basi mhubiri nikamaliza mahubiri, nikasema, "Mama, niazime na mimi."

Akanitajia bila hata kuinua macho.

Ilinichukua siku mbili na nusu. Seva mpya haikuwatambua watu wa seva ya zamani, kwa hiyo nilikaa nikiwaoanisha mmoja mmoja: huyu wa kule ndiye huyu wa huku, kundi hili la kule ndilo kundi hili la huku. Macho yaliuma, shingo iliuma. Ijumaa mchana nikamwita kila mfanyakazi, nikamkalisha, nikamwambia fungua droo yako, imefunguka, sasa jaribu ya jirani, imegoma, vizuri, saini hapa. Nikampa kila mmoja paswedi yake mpya kwenye kikaratasi, isipokuwa mama, ambaye yake niliiacha ileile, nikawaambia kuanzia Jumatatu kila mtu aingie kwa jina lake na mama apumzike. Wakasema sawa fundi. Mkuu wa taaluma alikikunja kikaratasi chake vizuri, akakitia mfuko wa shati, akaniambia hongera binti yangu.

Sasa kuna kitu kidogo ambacho lazima nikiseme. Kila faili, pamoja na orodha ya walioruhusiwa, lina pia jina la mwenye faili, yaani aliyelitengeneza. Ruhusa zilihama zote salama. Jina la mwenye faili halikuhama. Seva mpya ilimwandika kuwa mwenye faili yule aliyelibeba, na mimi nilibeba yote kwa paswedi ya mama. Na nililiona. Nakumbuka niliteremka na ukurasa wa majina, nikakuta jina moja kuanzia juu mpaka chini, mafaili maelfu, mama wa masjala, mama wa masjala, mama wa masjala. Nikajisemea ah, si kitu, walichotaka ni ruhusa na ruhusa ziko sawa. Ningeweza kurudia. Ingekula siku mbili nyingine, na Jumamosi hiyo kulikuwa na kitchen party ya rafiki yangu Uyole.

Jioni ile nikafanya la mwisho. Utaratibu wetu unasema diski za seva ya zamani zikishahamishwa zitobolewe, ili siri za watu zisiokotwe na wauza vyuma chakavu. Nikazipeleka kwa fundi seremala wa chuo, tukazibana mezani, nikazitoboa kwa drili mashimo matatu matatu, zote. Kulikuwa na nakala ya akiba kwenye diski ya pembeni, lakini ile hutunza mafaili tu, haijui nani aliandika nini. Nilizitoboa kwa bidii kweli. Jumamosi nikawa nimerudi Mbeya nacheza.

Mwezi wa tisa bosi aliniita ofisini kwake na kufunga mlango. Kule chuoni kuna nafasi chache za ufadhili kila mwaka, kwa wanafunzi wasio na uwezo. Mkuu wa chuo alisaini orodha ya majina mwezi wa sita, kabla sijahamisha seva. Orodha iliyokwenda kwa wafadhili, iliyotoka kwenye kompyuta, ilikuwa na jina moja tofauti. Binti mmoja wa mkulima alikuwa ameondolewa, na mahali pake pamewekwa binti wa mtu wa mjini. Baba yake alikuja chuoni akakaa benchi la nje siku mbili mpaka akasikilizwa. Binti alirudishiwa nafasi yake, hilo nashukuru. Ila kamati ya nidhamu ilitaka kujua ni nani alibadilisha, na mhasibu mmoja anayejua kubofyabofya alifungua faili lile kuangalia mwenye faili ni nani, akakuta mama wa masjala.

Bosi akasema wananihitaji nikaeleze. Mimi, niseme ukweli, nilifurahi. Niliona nakwenda kumwokoa.

Nilifika kwa mama mchana wa siku iliyotangulia kikao. Alikuwa anachambua maharage barazani, sweta lilelile. Akanipakulia makande, akanitazama nikila, kisha akauliza, "Hilo neno mwenye faili, maana yake nini hasa?" Nikamweleza yote. Nilivyobeba kwa paswedi yake, nilivyoona majina, nilivyopuuza. Nilitegemea anigombeze. Akatoa jiwe moja kwenye ungo, akalitupa.

Nikamwambia, "Kesho sema ulimpa kila mtu. Na sema ulinipa mimi. Nitasimama niseme ni kweli."

"Ile karatasi ya kompyuta tuliyosaini watumishi wote mwaka jana inasemaje kuhusu kuazimana?"

Niliijua. Inasema mwenye kuazima na mwenye kuazimwa wote kazi basi.

"Nikisema hivyo watatoka wangapi?" akauliza. Akaanza kuwahesabu kwa vidole, si kwa majina bali kwa shida zao. Yule ana mapacha. Yule mume wake kapooza. Yule ndiyo kwanza kaajiriwa. Akafika kwangu. "Na wewe bosi wako atakuacha?"

Nikasema nitajua mwenyewe. Akasema haya, tuombe Mungu kukuche.

Kikao kilikuwa chumba cha walimu, meza ndefu, chupa za maji, watu sita. Aliyekaa kiti cha mwenyekiti alikuwa mkuu wa taaluma. Nikapumua. Nikajua huyu ni mtu mpole, na yeye mwenyewe anajua ukweli kwa sababu kwa miaka yote alikuwa anaingia kwa jina la mama.

Akaniuliza kwa sauti yake ya kanisani, "Fundi, faili hili mwenye nalo ni nani?"

Nikasema seva inasema ni mama wa masjala, lakini seva inasema hivyo kwa kila faili lililohamishwa, na nikaeleza sababu. Nilieleza vizuri, kwa kabati na droo, hata mtoto angeelewa. Wakatikisa kichwa kukubali.

"Kwa hiyo unaweza kusema kwamba si yeye aliyelibadilisha?"

"Siwezi kusema hivyo."

"Unaweza kusema ni nani?"

"Siwezi."

"Seva ya zamani je? Si ingetuonyesha?"

Nikawaambia diski nilizitobolea pale nje kwa seremala. Mtu mmoja akacheka kidogo akajifanya anakohoa. Huenda seva ile ingesema ni nani. Huenda nayo ingesema mama wa masjala, kwa sababu ndilo jina lililokuwa mdomoni mwa kila kompyuta. Sitajua mpaka nakufa, na hilo mimi nimejifanyia kwa mikono yangu.

 Nikasema, "Mwenyekiti, paswedi ya mama inatumiwa na chuo kizima. Hata wewe mwenyewe unaitumia."

 Hakukasirika. Alinitazama kwa huruma kabisa, kama mwalimu anayemtazama mtoto aliyekosa swali jepesi. "Una ushahidi, fundi?"

Nikatazama meza yote. Mhasibu alikuwa anasoma lebo ya chupa ya maji. Katibu wa mkuu alikuwa anaandika muhtasari, kalamu imesimama. Yule mwenye mapacha aliangalia dirishani. Wote walikuwa wamekaa kwenye kiti kile nilichowakalisha Ijumaa ile, wote waliniambia fundi mimi ya kwangu siikumbuki, natumia ya mama. 

Mwenyekiti akamgeukia mama. "Mama, paswedi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Uliwahi kumpa mtu yeyote?"

Nikamtazama. Nilimwomba kwa macho, nilikuwa karibu kupiga magoti.

"Sikumpa mtu," akasema.

Nikasimama, kiti kikaanguka. Nikasema alinipa mimi, mwezi wa saba, masjala, nikiwa nimesimama karibu na kabati la mafaili ya likizo. Nilitaja kila kitu. Mwenyekiti akamuuliza, "Mama, ni kweli?"

Mama akatabasamu, lile tabasamu la kuniongezea mboga. "Huyu mtoto amekula kwangu, ananionea huruma. Msimwandike."

Hawakuniandika. Kikao kiliisha kabla ya chai ya saa nne. Jumba bovu likamwangukia yeye, na kila mtu alitoka akiwa amesimama sawasawa. Wapo waliomshika mkono mlangoni na kumwambia pole mama.

Nilimkasirikia. Sitasema uongo, nilimkasirikia yeye kuliko wale waoga. Barazani kwake nilimwambia kwa ukali ambao sijawahi kuutumia kwa mtu aliyenizidi umri, kwamba amenifanya mwongo mbele za watu, kwamba amekubali aitwe mwizi wa nafasi ya mtoto wa mkulima, yeye ambaye ni mtoto wa mkulima. Hilo lilimchoma. Aliweka mkono kifuani, akasema taratibu, "Ningemtaja mmoja ningewataja wote. Mimi nimebakiza mwaka, mwanangu. Wao wamebakiza maisha." Nilitaka kusema na wao wangekutaja wewe upesi kweli. Nikajua nikilisema nitalia, basi nikanyamaza, nikalia hivyohivyo.

Wiki iliyofuata ikaja barua Mbeya, yenye mhuri wa chuo. Kampuni iondoe akaunti ya mtumishi aliyeachishwa kazi, na ruhusa zake zote, mara moja. Bosi akaniwekea mezani. Nilikaa nayo mpaka nikanywa chai mbili. Kisha, saa nne asubuhi ya Jumanne, nikaingia kwenye seva ya chuo kwa mtandao nikiwa hapahapa Mwanjelwa, nikatafuta jina lake, nikalifunga.

Haikufika nusu saa simu ikaanza. Mhasibu: fundi, mtandao umekatika. Hujakatika. Mtu wa stoo: fundi, droo yangu imepotea. Haijapotea. Halafu katibu, halafu namba nisiyoijua, halafu mhasibu tena. Nilikuwa naangalia tu simu ikitetemeka mezani. Chuo kizima kilikuwa kimesimama. Vile vikaratasi vyangu vya paswedi mpya, hakuna hata mmoja aliyewahi kukitumia chake.

Mkuu wa taaluma alipiga wa mwisho. "Binti yangu, sijui kuna nini leo, mafaili hayafunguki."

Nikamuuliza, "Mwalimu, unaingia kwa jina la nani?"

Nilimsikia anapumua. Nyuma yake wanafunzi walikuwa wanapita wakiongea.  Nilisema, "Mwalimu, uliniuliza kama nina ushahidi. Huu hapa. Chuo chote kimelala kwa sababu nimefunga jina la mtu mmoja. Itisheni kikao tena, nitakuja kwa nauli yangu."

"Kikao kilishafungwa," akasema, mpole vilevile. "Barua imeshatoka, mkuu ameshasaini. Wanafunzi wana mtihani kesho na karatasi ya mtihani iko humo ndani. Wewe lirudishe tu lilivyokuwa."

Nikakata simu. Nikaiacha akaunti imefungwa saa nzima, nikidhani watakaa, watatazamana, mmoja wao atasema jamani. Kilichotokea ni kwamba walimpigia bosi. Bosi alikuja akasimama mlangoni kwangu, si mtu mbaya, ana wafanyakazi watatu na kodi ya pango. Akasema, "Mteja anataka nini?"

"Anataka jina la mama lirudi."

"Basi lirudishe."

Nikalirudisha. Kubofya mara mbili tu. Simu ikatulia, na nilisikia vibaya jinsi ilivyotulia. Niliandika barua kwa mkuu wa chuo, kurasa mbili, nikaeleza kilichotokea Jumanne ile, saa hadi saa. Haikujibiwa. Nikaandika ya pili, bosi akaniomba nisiandike ya tatu. Mkataba wetu ulipokwisha mwezi wa kumi na mbili chuo hakikuuendeleza, kikachukua mafundi wengine kutoka Dodoma.

Nilikwenda kumwona mama mwezi wa pili, kijijini kwao Kilolo. Nilishukia Ilula, nikachukua bodaboda kupanda huko juu, tope mpaka magotini. Nilimkuta shambani kwenye viazi, anapalilia, na kitenge kimefungwa kichwani. Alifurahi kuniona mpaka nikaona aibu. Aliuliza habari za Mbeya, za bosi, akaniuliza kama nimepata mchumba au bado nawatisha kwa hizo nyaya. Yule binti wa ufadhili yuko darasani, akaniambia, amesikia kwa watu. Lakini kanisani kuna wanawake waliohama benchi lake. Alilisema hilo huku akiendelea kupalilia.

Nilikuwa sijamwambia habari ya akaunti. Nikamwambia pale, nimesimama kwenye tuta. Nilivyoifunga, walivyopiga simu, nilivyoirudisha. Nilidhani itamfurahisha kusikia kwamba walishindwa bila yeye.

Alisimamisha jembe. "Kwa hiyo mpaka leo wanaingia kwa jina langu?"

"Kila siku, mama."

"Na leo mtu akibadilisha kitu kingine humo, itaandikwa ni nani?"

Nikamwambia ukweli, sikuwa na kingine cha kumpa. "Wewe."

Aliangalia mikono yake iliyojaa udongo. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu niliona ameogopa.

"Mwanangu," akasema, "mambo mengine yote nimeyaacha. Lakini hilo nenda kanitoe. Wewe ndiye uliyenihamishia huko."

Nikamwambia siku mafundi wa Dodoma walipoanza kazi, kitu cha kwanza walichofunga ni akaunti yangu.